Dakika Kumi za Mwisho

Mimi ni mtu wa miisho.
Kazi yangu huanza majina yakipanda kwenye pazia,
ila mlango wa nyuma naufungua mapema,
dakika kumi hivi, nasimama na ufagio
kama mgeni aliyewakuta wenyeji wananawa.

Ile ya juzi, ya wapelelezi wawili, haikuwa na kitu.
Mmoja kafa darajani, mwenzake kavua kofia,
mvua ikanyesha. Siku zote mvua.
Hapa Kutaisi mvua haichagui wenye huzuni,
inamlowesha hata mwenye duka la viatu.

Ya Ijumaa, hiyo sawa. Bibi harusi
anashuka ngazi peke yake, viatu mkononi,
anamwomba dereva wa lori kiberiti.
Basi. Giza. Majina.
Nilitaka kupiga makofi, mikono ina ufagio.

Tamazi wa mtamboni, kule juu, nikimuuliza
"Hawa walianzaje?" hujibu, "Walikutana."
Miaka kumi na tisa anaonyesha sinema,
jibu ni hilo hilo.

Kwa hiyo namtegemea Zaira.
Zaira anauza mikate ya jibini, huamka saa tisa za usiku,
na kila Jumapili hulipa tiketi kamili
ili aje kulala safu ya tano.
Mianzo yote anayo yeye.
Tukikutana kibandani kwake, chai mezani,
tunashona: yeye kichwa, mimi mkia,
katikati tunamwachia Mungu.
"Yule mzee mwenye saa ya mfukoni, aliiba?"
"Mwanzoni alikuwa anaitengeneza."
"Mwishoni kaitupa mtoni."
Tukanyamaza.
Mzee wa watu. Lazima palitokea jambo.

Wengine hupima sinema kwa midomo.
Mimi nasoma sakafu.
Maganda ya alizeti yakijaa, hadithi ilipwaya,
meno yalitafuta kazi.
Bisi zikibaki nusu ndoo, walikabwa koo.
Leso chini ya viti hazinidanganyi tena:
watu huja na vilio vyao kutoka nyumbani,
hapa wanatafuta giza tu.
Ile ya mbwa aliyerudi kwa bwana wake, leso hamsini na kitu.
Sikuona ajabu. Mbwa hurudi.
Guram wangu alikwenda Poland kupaka watu nyumba rangi,
huyo mtungieni sinema.

Mwezi uliopita nilitimiza sitini.
Meneja, Bwana Lasha, akanipa tiketi, safu ya saba, katikati:
"Leo ufagio upumzike, Nanuli."
Nikaketi, mkoba magotini, kama niko kwa daktari.
Taa zikazimwa, nikasikia nisilowahi kusikia,
watu mia wakivuta pumzi moja.
Akazaliwa mtoto wa kike, theluji hadi madirishani.
Akakua. Akagombana na dada yake kwa ajili ya koti,
koti la kijani, kifungo kimoja hakipo,
neno likazaa neno, dada akaondoka bila kufunga mlango,
na mimi nikaanza kuogopa.
Kumbe ndivyo ilivyo: unawajua.
Mwisho ukija, unawakuta ni ndugu zako.

Miguu ikanyanyuka yenyewe.
"Samahani, samahani," nikapita magoti ya watu,
nikaenda kusimama mlangoni pangu.
Ufagio ulikuwa pale pale.
Nilitazama yaliyobaki nimeushika,
na majina yalipopanda nikaanza na safu ya nyuma,
ingawa Bwana Lasha alikuwa amemleta msichana mwingine.

Kesho yake Zaira akaniuliza ilikuwaje.
"Ndefu," nikamwambia. "Nzuri, ila ndefu."
Akamimina chai, akasogeza sukari.
"Na lile koti?"

Nikamwambia anywe kwanza.